Mlima Haupendi Mtu Mkimya

Nyinyi vijana mnaokuja kukaa kwenye kibaraza changu hapa Baraka, mkitaka kujua kazi ya kutembeza wageni, swali lenu la kwanza huwa ni viatu. Viatu gani vinafaa kupandia mpaka kule juu kwa wafugaji? Mimi nimepanda miaka mingi kwa sandali za plastiki zilizofungwa kwa kamba ya wavu, na vidole vyangu vyote bado ninavyo. Viatu mtajinunulia wenyewe. Ninalotaka kuwaambia halihusu miguu hata kidogo, linahusu kelele.

Nilikuwa mpishi wa misafara, na mimi huyu Mama Riziki mnayemjua leo, wa kuuza mandazi na kugombana na mbuzi, nilikuwa nikibeba sufuria tatu kichwani nikipanda mlima bila kuzishika. Wageni walikuwa wa kila namna. Kulikuwa na kwaya za kanisa, na wanafunzi wa Uvira na Bukavu, na watoto wa huku waliokulia Ulaya wakaja kutafuta kijiji cha babu zao. Safari ilikuwa karibu ileile. Tunawaonyesha kwanza mambo ya ziwani: ndakala, wale dagaa wetu, wakianikwa mchangani pale Swima, kisha mtumbwi wa mashine hadi Ubwari, ambako wengi walifika wakiwa wametapika chai yote niliyowapikia. Halafu tunapanda gari hadi Fizi, wazee wanawachezea ngoma za Kibembe, na kuanzia hapo ni miguu. Siku mbili za kupanda, mpaka baridi inapoanza na mihogo inakataa kuota, ndipo unakutana na ng'ombe.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Alimasi, kiongozi wa njia, mtu mfupi mwenye kikohozi. Alikohoa kila kona ya mlima. Safari yangu ya kwanza nilimwonea huruma, nikamchemshia tangawizi kali asubuhi na jioni. Aliinywa yote, akashukuru, akaendelea kukohoa. Siku ya tatu nikamwambia akirudi Baraka aende hospitali.

"Mama, miye siko mugonjwa," akaniambia. "Niko napiga hodi."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akaniambia huku juu watu wamekimbia mara nyingi, wa lugha zote, na wanajua sauti ya kila kitu kinachopanda mlima. "Muntu ya muzuri anakuja na makelele. Muntu ya mubaya anakuja kimya. Ukifika kwa bantu kimya, hata kama uko na Biblia mukononi, weye ni muntu ya mubaya."

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Mbele ya msafara anatembea mwanamke mwenye sufuria, mifuniko ikiwa imelegezwa ili igongane. Wengine wanafuata kwa mafungu, wakipiga soga, wala si mstari mmoja mrefu kama wa askari. Mkikaribia kijiji, mnakaa mahali mnapoonekana kutoka juu, mnawasha moto, mnangoja. Mtu atakuja tu. Huenda akawa mtoto au bibi mwenye fimbo, atawauliza mnatoka wapi huku akijua tayari, maana amewasikia tangu bonde la pili. Wageni walichukia sana kungoja huko. Profesa mmoja alimwuliza mzee Alimasi kwa nini tukae chini kama wakosaji wakati nyumba zipo pale. Mzee akamjibu kwa kikohozi.

Mengine nitawapa bila kuyapanga. Ukimwuliza mfugaji kijiji kiko mbali gani, atakwambia "ni hapa tu", na utatembea mpaka jioni. Usimruhusu mgeni kunywa maziwa ya mgando akiwa na njaa. Mchungaji mmoja alikunywa vikombe vitano kwa kuogopa kukataa, na ibada ya siku ile iliongozwa na mkewe. Makaa yafunge kwenye plastiki. Na daima beba sombe mbichi kutoka Fizi, kwa sababu kule juu majani ya muhogo hayapatikani, na mwenyeji akiyaona macho yake yanalainika. Zawadi ya sukari watu husahau kesho yake. Ya sombe hawaisahau.

Sasa niwaambie safari yangu ya mwisho.

Mzee Alimasi alikuwa ameshatutoka. Kundi lilikuwa la wanafunzi kumi na kidogo, wengine wa ziwani na wengine wa milimani, makanisa yao yaliwaunganisha ili kila upande uone kwa wenzake. Kiongozi wao aliitwa Byamungu, kijana wa chuo, mwenye adabu, mwenye kuhesabu watu kila tukivuka kijito. Kati yao alikuwa binti mmoja, Rebeka, ambaye nyumbani kwao ndiko tulikokuwa tukienda. Alikuwa hajamwona mama yake tangu aanze masomo Uvira. Njia nzima alinieleza habari za wifi yake, Nyamahoro, mke wa kaka yake, aliyekuwa na mimba kubwa ya kwanza, na jinsi alivyomnunulia mtoto kofia ya sufu. Aliitoa mfukoni kila tulipopumzika. Nilimwambia ataichakaza kabla mtoto hajazaliwa.

Siku ya pili ya kupanda, asubuhi, tukakutana na mtu anashuka mbio na kuku wawili mkononi. Hakusimama. Alisema akiwa anapita, "Musipite kule mbele. Kuko bantu. Banabeba mizigo, sijue ni banani." Akaendelea kushuka, na kuku wake wakining'inia kichwa chini.

Mpaka leo sijui aliona nini. Inawezekana walikuwa wachuuzi wa chumvi. Lakini neno likishasemwa mlimani halirudi, na niliona nyuso za wale watoto zikibadilika papo hapo. Simu hazikuwa na mtandao. Kurudi nyuma hatukujua kuna nini, na mbele tumeambiwa. Rebeka akasema ipo njia ya ng'ombe inayozunguka kilima na kutokea nyuma ya kwao, na kwamba tukiifuata tutafika mchana huohuo badala ya jioni.

Byamungu akatukusanya. "Kuanzia sasa hakuna kuimba. Mustari moja. Hakuna kusema." Kisha akanigeukia. "Mama Riziki, zile sufuria ziko na makelele. Uende nyuma, uzifunge."

Nikamwambia habari ya mzee Alimasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Halafu akasema, "Mama, ile ilikuwa siku zake. Leo tukiimba, tunabaita siye benyewe."

Msimcheke kijana huyo. Alikuwa amebeba watoto wa watu na midomo yake ilikuwa imekauka. Na mimi niliogopa kama yeye. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeumwa zaidi ya mara moja. Nilifungua kitenge changu cha juu, nikakipasua vipande viwili, nikaviweka kati ya mifuniko na sufuria, nikakaza kamba. Nikatikisa kichwa kujaribu. Hazikutoa sauti yoyote.

Tulitembea hivyo mpaka jua lilipopita utosini. Hamjui uzito wa kimya kama hamjawahi kutembea ndani yake na watu kumi na kidogo. Kila kijiti kilichovunjika kilinifanya niinamishe shingo. Ukungu ukashuka, mianzi ikawa inaonekana na kupotea, na mbele yangu niliona mgongo mmoja tu, wa Rebeka, akitembea na mkono mfukoni ameshika ile kofia. Mwanafunzi mmoja akaanza kukohoa, mwenzake akamziba mdomo kwa kiganja. Nilimkumbuka mzee Alimasi, nikaona haya, lakini woga ulishinda haya.

Tukatokea nyuma ya kijiji bila mtu kutuona. Ndivyo tulivyofikiri. Zilikuwa nyumba chache na zizi. Rebeka akatangulia mbio kuelekea kwao, akaingia, akatoka.

"Mama haiko," akasema. "Hakuna muntu."

Mlango ulikuwa wazi. Motoni kulikuwa na chungu cha maziwa, yamepanda na kumwagika, yananuka kuungua. Ndama alifungwa kwenye kigingi akilia. Kandambili moja ya mwanamke ilikuwa kizingitini, ya pili hatukuiona. Katika nyumba nyingine ilikuwa hivyohivyo, moto unawaka na watu hawapo.

Mnajua hiyo maana yake nini katika nchi yetu. Byamungu akatusukuma wote ndani ya nyumba ya mama yake Rebeka, akafunga mlango. Tulijibana gizani, mabegi mgongoni, wengine wakisali kwa Kifaransa, wengine kwa lugha za mama zao. Nilisikia meno ya mtu yakigongana, nikadhani ni ya jirani yangu, kumbe ni yangu. Watu wamekimbia sasa hivi, kwa hiyo waliowakimbiza wako hapahapa karibu. Nilingoja mlango upigwe teke. Nilijisemea, Riziki, umekuja kufia kwenye baridi, na mandazi yako hujamfundisha mtu.

Mlango haukupigwa.

Nikachungulia kwenye ufa. Nje kulikuwa na tope laini, na mpishi ana mazoea ya kutazama chini. Niliona nyayo za viatu zikitoka njia ya ng'ombe mpaka mlangoni. Zilikuwa zetu. Niliona nyayo za miguu mitupu zikitoka mlangoni kwenda upande wa pili, kwenye mianzi, zimeachana sana kama za watu wanaokimbia. Basi. Nyayo nyingine hazikuwepo. Na maziwa bado yalikuwa yanatoa povu.

Nikageuka ndani, nikasema polepole, "Hakuna muntu alikuja hapa. Ni siye."

Hawakuelewa. Nikarudia. "Bamekimbia siye."

Aliyeelewa kwanza ni Rebeka. Alikaa chini pale alipokuwa, akashika kichwa. "Mama yangu amenikimbia miye," akasema. Halafu akainuka ghafla. "Nyamahoro. Na ile tumbo. Na ile baridi."

Tukatoka. Rebeka akaenda mpaka mwanzo wa mianzi, akaita kwa lugha ya kwao. Akamwita mama yake, akamwita wifi yake, akataja jina lake mwenyewe. Ukungu ukameza yote. Akaita tena, sauti ikapasuka. Kisha akaacha, akarudi amekunja mikono.

"Hawatajibu," akaniambia. "Miye mwenyewe singejibu. Zamani, wenye bunduki balikamata mutoto ya jirani, bakamulazimisha aite mama yake. Mama yake akatoka."

Sikumwuliza kilichofuata. Nilisimama pale nikitazama mianzi, nikijua kuwa humo ndani kuna mwanamke aliyekaribia kujifungua, mvua inakuja, na kila tutakalosema kwa midomo yetu litamsukuma mbali zaidi. Tukiingia kumtafuta atakimbia. Tukikaa atalowa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa njiani, kwa sababu njiani niliogopa kufa, na hapa niliogopa kuua.

Pembeni ya nyumba kulikuwa na kinu, wanachotwangia mahindi. Nilikiona tangu mwanzo bila kukiona. Nikafungua mzigo wangu, nikatoa mafungu ya sombe niliyobeba tangu Fizi.

Byamungu akaniona, akanijia mbio. "Mama, hapana. Kama bale bantu ba njiani bako karibu, kinu itabaita."

Alikuwa sahihi. Sauti ya kinu inavuka bonde na haichagui masikio. Nikamwambia, "Basi nyinyi muingie ndani. Bakija, bataniona miye na sombe yangu."

"Na kama Nyamahoro anafikiri unalazimishwa pia?"

"Mwanangu, umeshaona muntu mwenye bunduki anangojea sombe itwangwe?"

Nikainua mchi. Pigo la kwanza lilinitisha mimi mwenyewe. Baada ya kimya cha tangu asubuhi, lilikuwa kama nimepasua kitu. La pili likaitikia kwenye kilima cha ng'ambo. Nikaendelea. Sitawadanganya kwamba ujasiri ulinijia. Kila nilipoinua mchi nilitazama njia, nikingoja kuona watu wenye mizigo wakitokea. Lakini kinu cha majani hakilii kama kinu cha mahindi. Kinalia kizito, chenye maji. Mtu wa kule juu akikisikia anajua ni mkono wa mgeni kutoka chini. Hilo ndilo nililolitumainia, na sikuwa na jingine.

Rebeka akaja akachukua mchi wa pili. Tukapokezana, yeye juu mimi chini, kama wanawake wanavyofanya kila mahali. Mikono yake ilikuwa laini ya shule lakini mdundo haukumpotea.

Muda ukapita. Kisha tukasikia kikohozi kwenye mianzi. Wallahi nilimfikiria mzee Alimasi. Akatokea bibi mwembamba, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Rebeka akaachia mchi. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu kama anayekagua, halafu akamkumbatia, na wote wawili wakalia bila sauti. Wengine wakaanza kutoka nyuma yake mmoja mmoja, majirani, watoto, mzee mwenye redio.

Nyamahoro hakuwemo.

"Tulipotezana," mama akasema. "Alikimbia kupita siye sote. Na ile tumbo, alikimbia kupita siye sote."

Majirani wakasema twende tumtafute, mama akakataza. Akaashiria kinu. "Mutwange."

Mikono yangu ilikuwa imekwisha, na ya Rebeka imetoka malengelenge. Ndipo Byamungu akavua begi lake, akaja akachukua mchi. Wenzake wakamtazama. Mnajua jinsi ilivyo kwetu: mvulana akionekana ametwanga sombe, watamwimba mpaka aoe. Akatwanga. Pigo moja likaingia kinuni, la pili likagonga ukingo, la tatu likarusha majani mpaka kwenye kofia ya yule mzee wa redio. Wavulana wengine wakaja, mmoja mmoja, kila mmoja akiharibu kwa namna yake. Bibi mmoja akaanza kucheka na mkono mdomoni. Akasema kitu kwa lugha yake, Rebeka akatafsiri: "Anasema sombe imewakosea nini." Kicheko kikaenea, kicheko cha watu ambao bado wanaogopa, chenye macho kwenye mianzi. Sombe ikawa uji. Tukaitoa, tukaweka mahindi. Mvua ikaanza kudondoka, na wavulana wakaendelea kutwanga.

Alitokea upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama, kwenye njia ya ng'ombe, njia tuliyokuja nayo sisi. Alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja na tawi kwa mwingine, tope hadi magotini. Hakukimbia kumlaki mtu. Alikuja polepole mpaka kinuni, akamtazama Byamungu aliyekuwa na mchi hewani.

"Nilikuwa nimelala chini," akasema. "Nikasikia kinu ya kwanza, nikakatala kutoka. Nikasikia hii ya pili. Nikasema, hakuna askari anaweza kukubali kujipatisha haya namna hii."

Watu wakacheka na kulia pamoja. Byamungu akaweka mchi chini, akaenda nyuma ya zizi, na tukamwacha huko. Rebeka akatoa ile kofia mfukoni, akaivisha tumbo la wifi yake.

Alijifungua siku chache baadaye, salama, sisi tukiwa tumeshashuka. Tulishuka tukiimba mpaka sauti zikakauka, na mifuniko yangu ikipiga kelele mpaka Fizi.

Lakini kabla hatujaondoka, nilipokuwa nampa supu, Nyamahoro aliniambia jambo ambalo silisahau. Nilikuwa namwomba msamaha. Nilimwambia laiti ukungu usingekuwepo, angeona ni wanawake na watoto wa shule.

"Nilikuonaka, Mama," akasema. "Nilikuona muzuri kabisa. Nikaona weye ni mwanamuke, uko na sufuria kichwani. Nikajiuliza, ni sufuria gani ile haiko na sauti? Ndiyo nikakimbia."

Kwa hiyo vijana, viatu ni vyenu. Mkipanda, mpandishe kelele zenu mbele, hata kama mnaogopa. Hasa mkiwa mnaogopa. Mimi magoti yamenikatalia, sipandi tena. Woga wenyewe sikuuacha kule, niliushusha nao. Jioni nikiwa jikoni, nikisikia hatua za watu wengi barabarani bila maneno, mkono wangu unaenda wenyewe kwenye mchi. Wajukuu wananicheka. "Tate," wananiambia, "mbona unatwanga, na kinu haiko na kitu?"

Natwanga mpaka nimsikie mmoja wa wale wanaopita akikohoa.